WiFi imekata au intaneti imekata? Namna ya kumkamata mkorofi

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na kwingineko. Aliyezima na kuwasha ruta yake siku hiyo, akaihamishia dirishani, kisha akabadilisha na nywila, alijisumbua bure, maana WiFi ya nyumbani kwake haikuwa na kosa. Siku za kawaida mambo huwa kinyume. Mkongo umetulia baharini, kampuni inatoa huduma kama kawaida, na kinachokata ni kijiruta kilichobanwa nyuma ya televisheni, lakini simu ya malalamiko inapigwa huduma kwa wateja.

Tuvitenganishe kwanza. WiFi ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta hadi kwenye simu, kompyuta au televisheni yako, na kurudi. Yanaishia hapo hapo nyumbani. Intaneti ni huduma unayoinunua, na inafika kwenye ruta kwa faiba, kwa laini ya simu ya 4G au 5G, au kwa dishi la setilaiti. Ruta ndiyo inayovikutanisha. Ni safari ya vipande viwili, kama bodaboda ya kukutoa nyumbani hadi kituoni na daladala ya kukufikisha Kariakoo: ukichelewa, kubadilisha bodaboda hakusaidii kitu kama daladala ndiyo iliyokwama kwenye foleni. Vile vijimstari vya WiFi juu ya kioo cha simu vinapima kipande cha kwanza peke yake. Vinaweza kujaa vyote ilhali ndani ya ruta hakuna intaneti hata tone.

Kwa hiyo mtandao unapokatakata, swali la kwanza ni kipande kipi kimekatika. Mengine yote, kuanzia chaneli (kipande cha masafa ambacho ruta inakitumia hewani) hadi antena na adapta, yanakuja baada ya jibu la swali hilo.

Usikimbilie kuizima

Dawa ya kila mtu ni kuchomoa ruta na kuichomeka tena. Inasaidia mara nyingi, na sababu ipo: kumbukumbu yake inasafishika, inachagua chaneli upya, inaunganishwa upya na mtoa huduma, na kama ni ruta ya laini inaweza kudaka mnara mwingine. Lakini hayo ni mambo manne yaliyorekebishwa kwa mpigo mmoja. Hutajua lipi lilikuwa kosa, kesho kutwa litarudi, na ushahidi umeshaufuta.

Ikikata, kabla hujagusa chochote, angalia taa. Kwenye kifaa cha faiba, taa ya PON inatakiwa iwake kijani bila kupepesa, na ya LOS iwe imezima. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki nyumbani kwako, na hapo WiFi haihusiki kabisa. Ukiona taa zote zimezima kwa pamoja kisha zinaanza kuwaka moja moja, ruta imejizima na kujiwasha yenyewe. Hilo ni suala la umeme au joto, tutalifikia.

Kisha angalia ruta imekuwa hewani kwa muda gani. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta (huwa imebandikwa chini yake, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta nyingi za laini za Huawei ni 192.168.8.1), uingie kwa nywila ya msimamizi, ambayo si ile ya WiFi. Kwenye ukurasa unaoonyesha hali ya kifaa tafuta mstari wa "Uptime". Ukisoma saa mbili na dakika kumi wakati hakuna mtu aliyeizima tangu juzi na umeme haukukatika, jibu umeshalipata bila kupima kitu kingine: ruta inaanguka na kuinuka yenyewe. Watu wengi hawautazami mstari huu, nao unasema mengi kuliko taa zote.

Piga ping mbili kwa wakati mmoja

Tatizo linalokuja na kuondoka halionekani kwa kupima spidi mara moja. Fundi akifika, limeshajificha. Linatakiwa liviziwe.

Chukua kompyuta ya Windows iliyounganishwa kwa WiFi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi linalofunguka andika ipconfig. Mbele ya maneno "Default Gateway" utaiona anwani ya ruta. Tuseme ni 192.168.1.1. Andika:

ping -t 192.168.1.1

Fungua dirisha jingine la aina hiyohiyo, andika:

ping -t 8.8.8.8

La kwanza linaiita ruta kila sekunde moja hivi. La pili linaiita seva ya Google iliyo nje. Yaweke ubavu kwa ubavu, usiyafunge, endelea na kazi zako mpaka mtandao ukatike. Asiye na kompyuta atapata programu za bure za kupiga ping kwenye Android, PingTools ikiwa mojawapo.

Hali ikiwa nzuri, dirisha la ruta linaandika time=2ms, 3ms, wakati mwingine 1ms, mstari juu ya mstari (ms ni milisekunde, muda wa jibu kurudi). La nje litakuwa na namba kubwa zaidi, na faiba haifanani na 4G, hivyo isome kwanza namba yako ya kawaida asubuhi mapema mtandao ukiwa umetulia. Bila namba hiyo hutajua baadaye kama 80 ni kawaida au ni ugonjwa.

Ukisubiri, mojawapo ya haya litatokea. Madirisha yote mawili yakianza kuandika "Request timed out" kwa pamoja, kilichokatika ni kipande cha ndani: WiFi, au ruta yenyewe. Ukiona "Destination host unreachable" na anwani iliyo mwanzoni mwa mstari ni ya kompyuta yako mwenyewe, kompyuta haiioni ruta tena. La ruta likiendelea na 2ms, 2ms, 3ms huku la nje limenyamaza, achana na WiFi. Kosa liko kwenye laini ya mtoa huduma au upande wa ruta unaotazama nje.

Hali nyingine mbili zinachanganya zaidi kwa sababu hakuna kinachokatika. La ruta likijibu kwa kurukaruka, 3ms, 410ms, 5ms, 870ms, hewa ya WiFi imesongamana au mawimbi yamefika yakiwa hoi. La ruta likitulia huku la nje likipanda kutoka 50 hadi 900 bila kupotea, laini yako imejazwa na mtu wa humo humo ndani, na mara nyingi si kwa kupakua bali kwa kupandisha. Simu inaingia nyumbani saa moja usiku, inaikuta WiFi, inaanza kupandisha picha na video zote za mchana kwenye hifadhi ya mtandaoni. Spidi ya kupandisha kwenye vifurushi vingi vya laini ni ndogo kuliko ya kupakua. Ikijaa, hata maombi madogo ya kufungua ukurasa yanakaa foleni nyuma ya picha. Mwenye simu hiyo wala hajui. Panga nakala zifanyike usiku wa manane, au tafuta kwenye ruta sehemu ya QoS, inayopanga nani apate kasi kiasi gani, uweke ukomo wa kupandisha, pungufu kidogo ya spidi unayoipata kweli.

Na madirisha yote mawili yakiwa shwari lakini kurasa hazifunguki, andika ping google.com. Ukijibiwa kwamba jina hilo halikupatikana, tatizo ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS ya ruta. Kwenye Android angalia pia sehemu ya "Private DNS": jina lililoandikwa humo likikosewa herufi moja, simu itadai kila siku kwamba WiFi imeunganishwa bila intaneti.

Ping moja kupotea katika mamia isikutie presha, redio ndivyo ilivyo. Tafuta zinazopotea kwa makundi, tano, kumi, thelathini mfululizo, na uandike saa. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja. Chini utaona jumla ya zilizotumwa, zilizorudi na zilizopotea. Zipo ruta zilizowekwa zisijibu ping kabisa. Ikiwa yako haikujibu hata mara moja tangu mwanzo, itumie njia nyingine: mtandao ukikata, jaribu kufungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari. Ukifunguka haraka, WiFi ni nzima.

Mwisho thibitisha kwa waya. Chomeka waya wa LAN kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, zima WiFi ya kompyuta, rudia ping zilezile kwa muda uleule wa siku. Waya ukiwa safi na WiFi ikakata, kosa ni la redio. Waya nao ukikata, hakuna antena wala kirudufishi cha WiFi (kifaa cha kuipokea na kuirusha mbele zaidi) kitakachokuponya. Waya wa mita mbili wa Cat5e una bei ndogo sana ukilinganisha na ruta mpya ambayo watu hununua kabla ya kufanya jaribio hili.

Mwenye Windows ana zawadi nyingine ambayo wengi hawaijui. Fungua cmd kwa haki za msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport. Itatengeneza ripoti ya siku tatu zilizopita inayoonyesha kila mara kompyuta ilipoungana na WiFi, ilipokatika, na sababu iliyoandikwa.

Kosa likiwa hewani

WiFi hutumia zaidi masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini nafasi yake ni finyu na imejaa: Bluetooth iko humo, oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, na kamera za ulinzi pamoja na ruta za majirani wote zimo. Ya 5 GHz ina nafasi tele na kasi kubwa, ila kuta mbili za tofali zinaichosha. Jina la WiFi linaloishia na "5G" maana yake ni hii 5 GHz. Halina uhusiano wowote na mtandao wa simu wa 5G.

Kwenye 2.4 GHz nchi nyingi zina chaneli 13, ila zimeachana kwa MHz 5 tu wakati ruta moja inahitaji MHz 20. Ndiyo maana zisizogongana ni tatu: 1, 6 na 11. Hapa hata mafundi hukosea. Mtu anaona majirani wamejaa kwenye 1 na 6, anaona heri ajifiche kwenye 3 au 4. Ruta zilizo chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Ukikaa katikati hazikuelewi nawe huzielewi, zinakupigia kelele kutoka pande zote mbili na wewe unazirudishia. Kugawana chaneli 6 na majirani watatu ni afadhali kuliko kukaa kwenye 4 peke yako.

Programu kama WiFi Analyzer au WiFiman itakuonyesha nani yuko chaneli gani. Kati ya 1, 6 na 11 chagua ile ambayo majirani wake wanasikika kwa mbali zaidi, iandike mwenyewe kwenye mipangilio ya ruta badala ya kuiacha "Auto", na upana uwe MHz 20. Ruta nyingi huja na 20/40. Hiyo 40 kwenye nyumba za ghorofa zilizosongamana ni kujitafutia ugomvi.

Kwenye 5 GHz chagua 36, 40, 44 au 48. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada za hali ya hewa na nyinginezo, na kanuni zinaitaka ruta iondoke mara tu inaposikia rada. Kabla ya kuanza kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo inabidi isikilize kimya kwa sekunde 60 au zaidi. Kama WiFi yako ya 5 GHz hupotea dakika moja kisha hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na uko karibu na uwanja wa ndege, anza hapa.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, namba hasi: inayokaribia sifuri ndiyo kubwa. Karibu kabisa na ruta utasoma kama −35. Hadi −67 unapiga simu ya video bila shida. Ikifika −75 kurasa zinafunguka lakini simu za video zinakwama, na kwenye −80 na kuendelea muunganisho unakatika na kurudi hovyo. Tembea na simu chumba hadi chumba uone inashukia wapi. Kila dB 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu, hivyo mlango mmoja wa chuma unaweza kuleta tofauti ya mchana na usiku.

Vinavyoua mawimbi ndani ya nyumba zetu ni zege lenye nondo, mabati, kioo kikubwa cha kabati la nguo, jokofu, na maji. Simtank lililojaa likiwa kati ya ruta na chumba cha uani hunyonya sana. Kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe Zanzibar, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufika unene wa nusu mita hivi. Humo mawimbi hupita zaidi mlangoni na kwenye ua wa ndani kuliko ukutani, na dawa ya kweli ni kupitisha waya hadi chumba cha pili na kuweka ruta nyingine ndogo huko.

Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kimo cha meza, nje ya kabati. Antena ya fimbo husambaza kwa ubavu wake na si kwa ncha yake, kwa hiyo kumnyooshea mtu ncha ya antena ni kumnyima. Nyumba ya ghorofa yenye ruta ya antena mbili, moja isimame na nyingine ilale. Karatasi ya aluminiamu nyuma ya ruta haiongezi nguvu hata kidogo. Inachukua ya upande mmoja na kuirusha upande mwingine. Kirudufishi cha WiFi nacho wengi hukiweka ndani ya chumba chenyewe ambacho WiFi haifiki, ambako kinapokea uozo na kurudufisha uozo. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inasoma −60 hadi −65, na ujue kwamba vile vya bei nafuu vyenye redio moja hupunguza kasi kama nusu, kwa kuwa vinasema na kusikiliza kwa redio hiyohiyo.

Ruta mbili zinazogawa anwani

Hili linastahili nafasi yake kwa sababu ni la kwetu sana: mtu ana ruta ya zamani kabatini, anaichomeka kwa waya kwenye ruta mpya ili ifikishe WiFi chumba cha nyuma. Siku mbili zinapita vizuri. Kisha simu ya mama inakataa, ya mtoto inakubali, kesho kinyume chake, na zote zinaonyesha WiFi imejaa.

Kila ruta huja ikiwa na DHCP, yaani kazi ya kukipa kila kifaa anwani na kukiambia njia ya kutokea. Ruta mbili zikifanya kazi hiyo kwenye mtandao mmoja, kifaa hupokea anwani kwa yule aliyejibu kwanza. Aliyejibiwa na ruta ya zamani anaelekezwa kwenye mlango usio na intaneti. Mbaya zaidi zote mbili zikiwa na anwani 192.168.1.1.

Ichomeke ruta ya zamani kwenye kompyuta peke yake, ibadilishe anwani iwe 192.168.1.2, zima DHCP, hifadhi. Kisha waya unaotoka ruta kuu uingie kwenye tundu mojawapo la LAN, si lile la WAN lenye rangi tofauti. Ipe chaneli nyingine: kuu ikiwa 1, hii iwe 6 au 11.

Kama kifaa kimoja tu ndicho kinachosumbua na vingine vinadunda, usiiguse ruta. Futa WiFi hiyo kwenye simu na uingie upya, zima VPN na kipengele cha kubana betri. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hutumia anwani ya kifaa ya kubuni. Ruta iliyowekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa itaikataa simu uliyodhani ilishasajiliwa. Simu kongwe nayo inaweza kushindwa ruta ikiwa imewekwa WPA3, aina mpya ya ulinzi wa WiFi, peke yake, rudisha WPA2/WPA3.

Umeme na joto

Kama "Uptime" ilikuonyesha kwamba ruta inaanguka, mtuhumiwa wa kwanza ni adapta. Soma chini ya ruta: nyingi zinataka volti 12 na ampea 1, 1.5 au 2. Volti za adapta lazima zilingane kabisa; ampea zinaweza kuzidi, zisipungue. Adapta ya 12V 0.5A iliyookotwa kwenye kamera ya zamani itaiwasha ruta na taa zote zitawaka, lakini watu watano wakianza kutazama video, redio inavuta umeme zaidi, volti zinaporomoka, ruta inajizima. Ndiyo maana hukata jioni wenyewe wakiwa wamejaa na si asubuhi. Mwenye mita ya kupimia volti apime ruta ikiwa inafanya kazi: adapta ya 12V inayosoma 11 imechoka. Tikisa taratibu ncha ya adapta pale inapoingia kwenye ruta. Taa zikipepesa, tundu limelegea.

Angalia pia kama ruta huanguka pampu ya maji au jokofu linapowaka, pale taa za ndani zinapofifia kidogo. Hapo volti za nyumba ndizo zinazoshuka, na UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti 12 ya kukaa kati ya adapta na ruta humaliza kesi. Hakikisha waya unatoka kwenye tundu la 12V, kwa kuwa nyingi zina la 9V pembeni yake.

Joto hujitambulisha kwa saa. Ruta nyingi za nyumbani zimeundwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 40. Dar es Salaam ya Januari, ndani ya kabati la televisheni, juu ya king'amuzi kinachochemka na kitambaa cha kufuma juu yake, nyuzi hizo zinapitwa bila taabu. Inayosumbua saa nane mchana na kutulia usiku itolewe hapo ikae wazi siku mbili kabla hujalaumu mtu.

Kosa likiwa nje

Kwenye faiba, fuata ule waya mwembamba kuanzia unapoingia ukutani. Umepinda kwa kona kali nyuma ya kochi? Umebanwa na mguu wa kabati? Mwanga haupindi kona kali, sehemu yake huvuja. Kuna aina ngumu zaidi za faiba, lakini mzingo usiobana kuliko glasi ya maji uko salama kwa karibu zote. Kwenye ukurasa wa kifaa tafuta "Rx Power", nguvu ya mwanga unaokufikia: kati ya −15 na −25 dBm ni nzuri, na inayokaribia −27 ndiyo inayokatika na kurudi, hasa mvua ikiingia kwenye viungio vya nguzoni. Usichomoe kiunganishi cha kijani na kukifuta kwa shati, kwani vumbi moja linatosha kukiharibu, na usichungulie ndani yake. Mwanga huo hauonekani kwa macho lakini upo.

Kwenye ruta ya laini, mistari ya mnara haitoshi. Tafuta RSRP na SINR kwenye ukurasa wake. RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara: −80 ni nzuri mno, −100 ni ya kubahatisha, −110 itakatika. SINR inapima usafi wa mawimbi: juu ya 13 ni vizuri, chini ya sifuri ni kelele tupu. Jaribu kila dirisha la nyumba, ukisubiri dakika mbili tatu kila mahali, na ukilazimika kuchagua kati ya dirisha lenye RSRP kubwa na lenye SINR kubwa, mara nyingi la SINR ndilo lenye intaneti bora. Mvua kwa kawaida haiikati 4G, ingawa inasingiziwa kila masika. Kinachokata mara nyingi ni umeme wa mnara. Kama SINR ni ileile asubuhi na jioni lakini spidi inakufa kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, mnara umeelemewa na watumiaji. Hapo kuhama kutoka kifurushi cha Mbps 20 hadi 50 kunaweza kusibadilishe chochote, na kujaribu laini ya kampuni nyingine ndani ya ruta isiyofungwa kunakuambia mengi kwa bei ya bando la siku.

Watumiaji wa Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya na Rwanda mwaka 2023, wafungue programu yake waangalie ramani ya vizuizi. Setilaiti zinapita, hazisimami, hivyo tawi moja la mwembe hukata mawasiliano kwa sekunde chache, yanarudi, yanakata tena. Mvua kubwa huiathiri kweli.

Ukiwasiliana na mtoa huduma, usiseme "WiFi inasumbua". Mtu wa huduma kwa wateja akisikia WiFi atakurudisha kwenye nywila na vijimstari. Mwandikie hivi: "Jumatatu hadi Jumatano, saa 1:10 hadi 1:50 usiku, kompyuta ikiwa kwenye waya wa LAN, ping ya ruta haikupotea hata moja, ping ya 8.8.8.8 ilipotea mara 212. Ruta haikujizima. PON ilipepesa, Rx Power −27.8." Ambatanisha picha ya madirisha mawili. Bado atakuomba uzime na uwashe. Zima, washa, mkiwa bado kwenye simu, halafu omba namba ya tiketi na mtu wa kupima kiungio cha nguzoni, si wa kukubadilishia ruta.